Je, Wakubwa Waje kwenye Sikukuu ya Kuzaliwa ya Mdogo Wao?



Mama mmoja wa upande wa Lubero alitujia baada ya Misa na swali, akatuomba tulijibu mbele ya watu wote, kwa kuwa, alisema, si nyumba yake peke yake yenye shida hiyo. Mtoto wake wa mwisho atatimiza miaka 6. Baba ameamua kumfanyia sikukuu ya kuzaliwa, ile ambayo watu wa mjini waiita aniversere. Watoto wadogo wa jirani wataalikwa wote. Lakini nyumba ile ina wakubwa watatu: mvulana wa miaka 19, msichana wa miaka 17, na mvulana wa miaka 15, nao hawataki kuja. Wa kwanza asema hayo ni mambo ya watoto na biskuti. Msichana asema kwamba yeye atapika na kuosha vyombo, na kazi si sikukuu. Wa tatu hakusema neno. Alisimama, akatoka nje. Mama auliza: Je, tuwalazimishe, ama tuwaache?

Kabla ya kujibu, imetupasa kuondoa jiwe moja njiani. Wazee wengi husema: Sisi hatukufanyiwa sikukuu ya kuzaliwa, na wengine wetu hata siku yenyewe hatuijui, desturi hii yatoka wapi? Tena ndugu zetu Mashahidi wa Yehova, ambao hawafanyi sikukuu hiyo, hutuonyesha kwamba katika Maandiko waliokula karamu ya kuzaliwa ni wafalme wawili wabaya: Farao, aliyemtundika mwokaji wake mkuu siku ile, na Herode, aliyemkata kichwa Yohani Mbatizaji. Ni kweli, habari hizo zimeandikwa. Hata Orijene wa Aleksandria, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, aliwakemea wenye kusherehekea siku yao ya kuzaliwa. Lakini Kanisa halikukaa hapo. Mwaka 336 Wakristu wa Roma walikuwa tayari na Noeli tarehe 25 ya mwezi wa 12; nayo Noeli ni nini, kama si sikukuu ya kuzaliwa? Twaadhimisha vilevile kuzaliwa kwake Bikira Maria tarehe 8 ya mwezi wa 9, na kuzaliwa kwake Yohani Mbatizaji tarehe 24 ya mwezi wa 6. Tazameni jambo hili: Yohani aliuawa katika karamu ya kuzaliwa ya mfalme, na hata hivyo Kanisa lafurahia siku aliyozaliwa yeye mwenyewe. Ubaya wa Herode ulikuwa kiburi chake, kiapo chake cha upuuzi na damu aliyoimwaga. Tarehe haikuwa na kosa.

Watakatifu wengine, ndiyo, twawakumbuka siku ya kufa kwao. Mwenye heri Anuarite alizaliwa Wamba tarehe 29 ya mwezi wa 12 mwaka 1939, lakini sikukuu yake ni tarehe 1 ya mwezi huohuo, siku aliyouawa kule Isiro mwaka 1964, kwa maana siku hiyo ndiyo aliyozaliwa mbinguni. Basi sikukuu ya kuzaliwa si amri ya Kanisa, wala si dhambi. Baba asiyeifanya hakukosa. Anayeifanya kwa kiasi hakukosa pia. Sasa tuje kwa wakubwa.

Sisi tunaokaa Butembo, Beni na Lubero tunaye mwalimu wa jambo hili nyumbani kwetu, naye ni majina tunayowapa watoto. Mtu akikuambia kwamba yeye ni Kambale, wajua kwamba ni mvulana wa pili. Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, huko Uganda, ndugu zetu Wakonzo wana majina yaleyale kwa sauti yao: Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Wageni hucheka wakikuta Kambale 8 katika darasa moja. Na wacheke, hawajui tunachokisema. Kasereka hawezi kuitwa Kasereka pasipo wawili waliomtangulia. Kila mara mama anapomwita kutoka uani, awataja na kaka zake, hata kama hawapo.

Wala si mdogo peke yake aliyepata kitu siku ile. Usiku mmoja Kambale alilala akiwa mtoto wa mwisho wa nyumba. Asubuhi akaamka akiwa kaka. Hakuna mtu awezaye kujifanya kaka kwa nguvu zake mwenyewe. Cheo hicho hupewa na mdogo wake, naye mdogo humpa kwa kuzaliwa tu, bila kujua. Kwa hiyo tarehe ile ambayo wakubwa wasema ni ya mtoto, ni yao pia. Mvulana yule wa miaka 19 amekuwa kaka wa mtoto huyu kwa miaka 6, wala hakuna siku nyingine ya mwaka inayomwambia hivyo.

Tena kuna jambo ambalo mtoto wa sikukuu hawezi kulifanya. Yeye hakumbuki siku aliyozaliwa. Siku inayoitwa yake ndiyo asiyoiona. Wanaoikumbuka ni wengine: mama, baba, bibi kama angali hai, na wale wakubwa. Mmoja alitumwa usiku kumwamsha jirani. Mwingine alibeba maji ya moto, au alichukua taa njiani mama alipopelekwa kwenye nyumba ya uzazi. Hao ndio mashahidi. Wadogo wa jirani watakuja, wataimba, watakula, watakwenda zao; hakuna hata mmoja wao awezaye kumwambia mtoto: Mimi nilikuwapo ulipolia mara ya kwanza.

Basi jibu letu kwa mama ni hili: waje. Lakini Injili yatufundisha pia namna ya kuwaleta.

Mwakumbuka mfano wa mwana mpotevu, katika sura ya 15 ya Luka. Sisi makatekista tumezoea kusema sana juu ya yule mdogo na nguruwe zake, na kupita haraka juu ya mkubwa. Mkubwa alitoka shambani, akasikia nyimbo na ngoma, akamwuliza mtumishi kuna nini. Alipojua, alikasirika, akakataa kuingia. Baba alifanya nini? Alikuwa na watumishi. Angeweza kuwatuma wamvute. Hakumtuma mtu. Aliacha wageni wake mezani, akatoka yeye mwenyewe hadi uani, akamsihi. Mwana akasema maneno makali: kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi ili afurahi na rafiki zake. Tena hakutaka kusema ndugu yangu. Alisema, huyu mwana wako. Baba hakumpiga wala hakumwita mwenye wivu. Alimjibu kwa upole, na katika jibu lake alilirudisha neno lile mahali pake: ni ndugu yako. Wala Bwana wetu hakutuambia kama mkubwa aliingia. Mfano wakatika pale, baba na mwana wangali wamesimama nje.

Ninyi wazazi, msiwalete wakubwa kwa fimbo, wala kwa kuwaaibisha mbele ya wageni. Aliyeletwa kwa fimbo atakaa kwenye kona amekunja uso, na mtoto wa miaka 6 atamwona. Watoto wa umri ule huona yote. Toka wewe mwenyewe, baba. Usimtume mama. Nenda uani, ukaulize kila mmoja peke yake. Sababu zao si moja, na dawa moja haiponyi magonjwa matatu.

Huyu wa kwanza, wa biskuti, ni mwepesi. Yeye aona haya kuketi na wadogo wenye pua za makamasi, rafiki zake wakipita njiani na kumcheka. Mpeni kazi ya mtu mzima. Watu wakiisha kukusanyika, yeye asimame, na baada ya sala aeleze mbele ya wote habari ya siku mtoto alipozaliwa: mvua ilinyesha au jua liliwaka, nani alikimbia, nani alilia, nani alichagua jina la ubatizo. Alikuwa na miaka 13. Akumbuka vizuri kuliko baba yake, twadhani. Kisha ale pamoja nao. Baada ya chakula, wadogo wakianza michezo yao, mwacheni aende kwa rafiki zake bila maneno. Saa 2 za kaka mwenye moyo mweupe zapita alasiri nzima ya mfungwa.

Msichana wa miaka 17, twasema wazi, ana haki. Katika nyumba zetu sikukuu ya mdogo huwa siku ya kazi ya dada mkubwa. Aamka kabla ya jogoo. Ateka maji, atwanga sombe, akoroga bugali wa watu 30, awanawisha watoto, agawa sahani, afukuza mbuzi. Na watu wanapoanza kuimba, yeye yumo jikoni na moshi machoni. Jioni baba asema kwa furaha: Watoto wangu wote walikuwapo! La, baba. Huyu hakuwapo. Ilikuwapo mikono yake tu. Mkitaka msichana huyu aje kwenye sikukuu, kwanza mtoeni jikoni. Kaka yake wa miaka 19 ana mabega, ateke maji. Baba apasue kuni mwenyewe, haitamwondolea heshima. Sombe ipikwe jana yake. Na saa ya sala mama aseme kwa sauti: Funikeni vyungu, twende wote. Hata bugali ukipoa kidogo, hakuna atakayekufa.

Sasa tuje kwa yule aliyetoka nje bila neno. Tulimwuliza mama: Huyu ana nini? Alinyamaza, kisha akasema kwamba tangu majuma mawili mtoto huyo yuko nyumbani. Prefe wa shule amemrudisha kwa sababu ya pesa za masomo za miezi 3.

Hapo ndipo penye kidonda. Tangu mwezi wa 9 wa mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yametangazwa kuwa bure, na wazazi wengi walimshukuru Mungu. Lakini watoto wa sekondari wangali wakilipiwa na wazazi, na huko ndiko wengi wanakokatizwa. Mtoto wa miaka 15 akaa nyumbani, wenzake wapita asubuhi na madaftari yao. Na nyumbani humohumo asikia baba akihesabu pesa za gato la mjini, za kasha la chupa tamu, za mpiga picha. Je, tumwite mwenye wivu? Yule mkubwa wa Injili alilalamika kwa mbuzi, na baba yake aliweza kumjibu kwa kweli kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Baba huyu hawezi kusema neno lile bado. Lazima kwanza alifanye kuwa kweli.

Hatusemi mdogo anyimwe siku yake; hakumfukuza mtu shuleni. Twasema hivi: gato liachwe, mpiga picha aachwe, ngoma ya kukodi iachwe. Pesa hizo zipelekwe kwa prefe kabla ya sikukuu, siyo baada yake, hata kama zatosha mwezi mmoja tu, na baba aende mwenyewe kuomba muda kwa miezi inayobaki. Kisha amwambie mwanawe uso kwa uso alichokifanya. Sikukuu itafanywa kwa maharagwe, ndizi, viazi vya shambani na chai yenye sukari. Mtoto wa miaka 6 hajui bei ya gato. Ajua tu nani alikuja.

Tusione jambo hili kuwa dogo. Yakobo alimpenda Yozefu kuliko kaka zake, akamfanyia vazi zuri, na vazi lile lilimpeleka shimoni na utumwani. Wivu wa wale kumi ulikuwa dhambi yao wenyewe, lakini mbegu ilipandwa na mkono wa baba. Miaka ikapita, na ndugu haohao wakaketi mezani kule Misri. Wakaona Benyamini, mdogo wa wote, akipewa sehemu mara 5 kuliko zao; nao walikunywa na kufurahi pamoja naye. Baadaye Benyamini alipotaka kufungwa, Yuda, mkubwa wake, alijitoa awe mtumwa mahali pake, ili mdogo arudi kwa baba. Sisi hupenda habari hii ya pili kuliko ya kwanza, lakini mara chache twaihubiri.

Kitabu cha Yobu nacho chataja wana 7 na mabinti 3, ambao kila mmoja wa wana alifanya karamu nyumbani kwake siku yake, akawaita dada zake wale na kunywa pamoja naye. Wenye elimu wengine wadhani siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa. Wale walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Hawakusema karamu ya ndugu ni mambo ya watoto. Na asubuhi yake baba yao aliwaombea wote, mmoja mmoja. Katekisimu ya Kanisa, iliyotolewa mwaka 1992, yasema kwamba heshima tunayowapa wazazi yahusu pia namna ndugu wanavyoishi wao kwa wao. Basi amri ya nne haiishi kwa baba na mama. Naye Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika mwaka 2016, katika waraka wake juu ya furaha ya upendo, kwamba nyumbani kati ya kaka na dada ndiko mtu ajifunzako kuwa ndugu wa watu wote.

Je, kuna wakubwa wasiolazimika kuja? Wako. Anayejitayarisha kwa mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, mwacheni na vitabu vyake. Anayefanya kazi ya mtu, kama bwana wake hamruhusu, hana kosa. Na aliye mbali asihatarishe uhai wake. Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwaka 2014, twajua sote jinsi njia ya Eringeti ilivyomeza watu. Mama asimwambie mwanawe: Usipokuja, hunipendi. Siku hizi iko simu. Kaka apige saa ya sala, mtoto awekewe simu sikioni, aisikie sauti yake. Akiweza kutuma kitu kidogo, na atume. Asipoweza, sauti yatosha. Ila asimtumie baba salamu ziwe za mdogo. Aseme na mdogo mwenyewe, kwa jina lake.

Kuna nyumba ambamo mkubwa ni msimamizi wa ubatizo wa mdogo wake. Sheria ya Kanisa yawakataza baba na mama tu wa mtoto; kaka au dada aliyetimiza miaka 16, aliyepata Kipaimara na anayeishi kikristu, aweza kusimama. Huyo ana deni kubwa zaidi, kwa sababu aliahidi mbele ya padri. Kama tarehe ya kuzaliwa imesahauliwa nyumbani, ulizeni parokiani: katika kitabu cha ubatizo huandikwa siku na mahali pa kuzaliwa.

Na kama mkubwa mmoja amejiunga na dini isiyofanya sikukuu hizi? Msimfukuze, wala msimfanyie mzaha. Mwambieni: Hatukuombi kuimba wala kukata mkate. Njoo kesho yake ule na mdogo wako. Tumeona ndugu wengi waliogawanyika kwa dini wakipatana tena kwa sahani ya maharagwe, kuliko kwa mabishano ya aya.

Mama yule, alipokuwa akiondoka, aliuliza swali moja zaidi, kwa sauti ndogo. Kati ya msichana wa miaka 17 na mvulana wa miaka 15 alikuwako mtoto mwingine, naye alikufa. Je, siku ya furaha yafaa kumtaja, ama itawahuzunisha watoto?

Twajibu: mtajeni. Kambale akifa, Kasereka habadili jina; angali Kasereka, na hesabu ya nyumba yabaki kama Mungu alivyoiandika. Mtoto wa miaka 6 anaye kaka ambaye hakumwona, naye ni mkubwa wake sawa na wale watatu. Baba anapoanza sala, amtaje huyo kwanza, kisha wakubwa walio hai kwa zamu ya kuzaliwa kwao, kisha mtoto wa siku ile. Halafu waimbe, wale.

Somo la juma lijalo litakuwa juu ya kuwatayarisha watoto kwa Komunyo ya kwanza. Tumsifu Yezu Kristu.